Uji wa Maji ya Chumvi

Kwa miaka kadhaa huko Houston kazi yangu ilikuwa kutengeneza barafu isiyoshikika. Watu wakiniuliza nafanya nini, nikiwaambia hivyo, walidhani nawatania. Barafu waliyoijua wao ni ile ya vipande inayogonga gilasi, au ile ya kusagwa inayomwagwa juu ya samaki sokoni kama kokoto. Yangu mimi ilipita kwenye mpira wa maji. Ukiichota kwa kikombe ilitulia humo, ya kijivu, nzito kidogo, na ukiitia mkono hukusikia kipande hata kimoja, ila baridi ikikupanda mpaka kwenye kiwiko. Wamarekani walikuwa na jina lao. Mimi na mwenzangu mmoja kutoka Pemba tuliiita uji, na jina likashika, mpaka tajiri wetu, mzee wa Kivietnamu ambaye hakujua neno jingine lolote la Kiswahili, akawa anauliza kila asubuhi kama uji uko tayari.

Sikuisomea kazi hiyo. Mombasa nilikuwa fundi wa friji, nikitengeneza za mahoteli na za wauza soda. Nilipofika Texas mwishoni mwa miaka ya tisini nilifanya yale yanayofanywa na kila mtu: nilipanga bidhaa dukani, nikaosha magari ya kukodisha karibu na uwanja wa ndege kule Euless, nikasubiri. Tajiri wa samaki alikuwa amenunua mashine kuukuu kwa mtu aliyefunga biashara, na yule mtu aliondoka na ujuzi wake. Mzee mmoja wa Lewisville, tulikokuwa tukikaa, ambaye tuliswali naye, akamwambia kuna fundi wa friji hana kazi ya maana. Hivyo ndivyo nilivyoteremka Houston peke yangu. Mke wangu na binti yetu wakabaki Lewisville, kwa sababu mke wangu alikuwa amepata kazi ya uuguzi huko, na kazi ya namna hiyo haiachwi kwa ajili ya samaki.

Mashine yenyewe haikuwa ya ajabu. Ilikuwa pipa la chuma lililosimama wima, lenye kuta mbili. Kati ya kuta hizo ilipita gesi ya kupozea, ile ile niliyoijua tangu nyumbani. Ndani ya pipa yalipita maji ya chumvi. Maji yakiugusa ukuta wa baridi hutaka kuganda papo hapo, na katikati ya pipa palikuwa na visu vinavyozunguka, vikiukwangua ukuta kabla barafu haijapata nafasi ya kushikamana. Kinachokwanguliwa ni chembe, ndogo kuliko chenga za mchele. Chembe zinarudi majini, maji yanarudi ukutani, na baada ya muda kinachotoka chini ya pipa si maji tena, wala si barafu.

Mambo yote yako kwenye chumvi. Maji matamu hayaiwezi kazi hii. Yanaganda kwa mpigo mmoja, yanavishika visu, mota inapiga ukelele halafu inazima, na wewe unakaa nusu siku ukisubiri pipa liyeyuke huku tajiri akipita na kurudi. Maji ya chumvi huganda kwa shingo upande. Kinachoganda ni maji peke yake. Chumvi hukataa kuingia kwenye barafu, hubaki nyuma katika maji yaliyosalia na kuyazuia yasigande. Kwa hiyo unatakiwa kutia chumvi ya kutosha kuifanya barafu isite, lakini si nyingi. Ikizidi, uji unakuwa baridi kupita kiasi, na samaki akikaa humo anakuwa gogo.

Hilo la mwisho watu hawakulielewa, na mimi sina subira na watu wanaodhani baridi ni baridi tu. Kuna baridi inayomtunza samaki na kuna baridi inayomuua mara ya pili. Barafu ya vipande humchoma hapa na kumwacha pale, kwa kuwa kati ya kipande na kipande mna hewa. Uji humkumbatia mwili mzima, mpaka chini ya mapezi na ndani ya matamvua, haumchubui, na ukipikwa sawasawa haumgandishi. Anatoka kama alivyoingia. Nilikuwa naweza kulisema jambo hili kwa Kiingereza kibovu mbele ya mteja yeyote, na nilikuwa nalisema hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza.

Mwenzangu wa Pemba alikuwa dereva wa lori la samaki. Tulipanga chumba pamoja Gulfton, katika mojawapo ya yale majengo ambamo kila mlango unanukia chakula cha nchi nyingine. Alikuwa mtu mzima kuliko mimi, mkaidi na mwenye huruma, na aliniita sheikh ingawa alijua fika kwamba swala ya alfajiri ilikuwa ikinipita. Kila nilipopata nafasi nilikwenda Lewisville kuwaona watu wangu, safari ya saa nyingi kwenye barabara iliyonyooka, isiyo na kitu cha kutazama isipokuwa mabango.

Basi, nikiwa nimekwisha kuizoea hali hiyo, Mama akaja.

Baba alikuwa amefariki, na dada yangu wa mwisho alikuwa ameolewa akahamia Maskati. Mama alibaki Mombasa kwenye nyumba ya orofa na mpangaji wa chini. Mimi na dada yangu tulikubaliana kwenye simu kwamba hafai kukaa peke yake, na kwamba atakuja kwangu. Katika mazungumzo yote hayo hakuna aliyemuuliza yeye. Akaja kwa viza ya matembezi, na begi ambalo nusu ya vilivyokuwamo vilitupwa uwanja wa ndege. Mpango ulikuwa apumzike, aizoee nchi, aipende, kisha tushughulikie karatasi za kumfanya akae moja kwa moja. Niseme wazi: nilitaka abaki kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote miaka ile. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu ambaye mama yake yuko kwenye simu.

Nilipomuuliza kama atakaa, alinijibu, "Nitaona." Nikalichukua neno hilo kuwa nusu ya ndiyo.

Kisha akaacha kula. Hakugoma, wala hakulalamika, alisema ameshiba. Nyama ilimnukia friji. Kuku alikuwa maji matupu. Alichotaka ni samaki, lakini mke wangu alipompeleka kwenye duka kubwa akawaona wamelazwa kwenye visahani vyeupe, wameparuliwa, wamechunwa, vipande vyote vinafanana, akageuka akaenda kusimama mlangoni. Mke wangu alimwuliza kuna nini. Mama akasema samaki asiye na kichwa utajuaje alikufa kwa nini.

Watu wa bara wanaweza kudhani haya ni madeko. Kwetu sisi tusi kubwa la samaki ni kusema amelala, yaani amepitisha usiku barafuni. Samaki aliyelala alikuwa wa kuuziwa wageni, au wa kupelekwa mahali ambako watu hawajui. Mama alikuwa mtu wa kumfungua samaki matamvua mbele ya muuzaji, kumtazama macho, kumbonyeza kwa kidole, kisha kumrudisha mezani bila kutoa sababu. Wauzaji walimwogopa, nami nilipokuwa mdogo niliona haya kufuatana naye. Sasa mwanawe alikuwa Marekani, akila mshahara wa barafu.

Mke wangu alinipigia simu kazini, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Nguo zinampwaya," aliniambia. "Nime-m-book kwa daktari, labs zote ziko normal. Anakunywa chai na mkate, basi. Mimi niko kazini mchana kutwa, mtoto akirudi anamjibu kwa Kiingereza. Anakaa dirishani tu. Fanya kitu."

Nikaomba kuzungumza na Mama. Nikamwuliza anataka kula nini. Akasema samaki. Nikamwambia samaki si wapo tele. Akasema amewaona, hawana macho. Nikamwambia basi mimi nitamletea mwenye macho. Akasema, "Mlete nimuone." Hayo tu ndiyo aliyoyasema, lakini mimi kichwani mwangu niliyageuza kuwa mkataba. Samaki akipita, Mama atakaa. Nilishinda na wazo hilo wiki nzima, nikawa nazungumza nalo nikiwa kwenye mashine.

Mashua za Galveston zilituletea samaki mwekundu ambaye sisi tulimwita changu, kwa sababu ilibidi tumpe jina. Nilimchagua mmoja mzima, mnene, nikamtia katika sanduku la plastiki la kuhifadhia baridi, nikalijaza uji mpaka juu. Nikapita Gulfton kuchukua nguo. Mwenzangu alinisindikiza mpaka kwenye gari, akafunua sanduku, akamtazama samaki, akatikisa kichwa.

"Safari ndefu hii, sheikh," akasema. "Huyu mbona hana chumvi?"

Akapanda juu, akarudi na pakiti ya chumvi ya mawe. Akatia konzi moja, akatia ya pili. Mimi nilimfungulia kifuniko ili mkono upite vizuri.

Mtu asiyetoka kwetu hataelewa. Samaki anayesafiri hutiwa chumvi. Anayetoka Pemba kwenda Unguja, anayepandishwa basi la usiku kwenda Nairobi kwa shangazi, huwezi kumtuma mikono mitupu. Samaki anayesafiri bila chumvi ni samaki wa watu wasio na mama. Nililiona hilo tangu nina fahamu. Ingekuwa kazini, na mtu ameusogelea uji wangu na konzi ya chumvi, ningemshika mkono na pengine ningemtukana. Pale kwenye maegesho ya magari, samaki akiwa wa Mama na safari ikiwa ya nyumbani, ufundi wote ulinitoka. Nilimshukuru, nikafunga kifuniko, nikaenda zangu.

Nilipofika Lewisville nilibeba sanduku juu kwa fahari ambayo bado inanichekesha. Mama aliketi mezani, miwani usoni. Nikafungua. Uji ulikuwa umekwisha kuwa maji, na maji yale yaliniuma vidole. Nikamtoa samaki nikamweka mezani, akagonga kama kipande cha ubao. Macho yake yalikuwa meupe pe, ya samaki aliyekwisha kupikwa.

Mama hakumgusa. Alimtazama, kisha akanitazama mimi, na nikaona ananionea huruma.

"Huyu kalala, babangu," akasema. "Mpikieni mtoto."

Nilikasirika. Nilimwambia samaki huyu jana alikuwa baharini, na kwamba Marekani nzima hatapata aliye bora kuliko huyu, na kwamba mtu akitaka kula atakula na asiyetaka hatafutiwi dawa. Mke wangu alinitazama mpaka nikanyamaza. Mama akasema si neno, samaki ni samaki, akaenda kuswali. Nakumbuka hasira ile kuliko ninavyokumbuka samaki alivyopikwa.

Jumapili nilirudi Houston nikiwa bado nimenuna. Nilikuwa nimekwisha kufika karibu na Corsicana ndipo jambo liliponijia akilini. Chumvi ikiingia kwenye barafu huiyeyusha. Barafu ili iyeyuke hula joto, na hulila kwa aliye karibu nayo, na ndani ya sanduku lile aliyekuwa karibu alikuwa maji na samaki tu. Uji ulizidi kuwa baridi kadiri ulivyozidi kuyeyuka. Tulikuwa tumemgandisha kwa mikono yetu, kwa heshima zote, na macho yake yakatoa ushahidi. Jambo hili nililijua. Ndilo lililokuwa likinilisha. Nikacheka peke yangu ndani ya gari, kicheko kibaya.

Mwenzangu hakukubali. Tulibishana wiki nzima, asubuhi kwenye chai na jioni kwenye wali. Nilimchorea pipa, nikamchorea chembe, nikamwonyesha kwa bakuli na kipande cha barafu. Yeye akashika lake moja, kwamba chumvi haijapata kumharibu samaki tangu dunia iumbwe.

"Kama chumvi mbaya kwa samaki," akaniambia, "Mungu aliitia baharini ya nini?"

Mpaka leo sijapata jibu lililo fupi kama swali lake. Lakini nilimfanya aape hatatia mkono tena.

Wakati huo siku ya Mama kurudi ilikuwa imekaribia. Ama tuanze kushughulikia karatasi za kukaa, ama apande ndege aliyoikatia tiketi ya kurudi. Mke wangu alinipigia tena. Sauti yake haikuwa na ugomvi, na hilo lilinitia wasiwasi zaidi.

"Ukimletea mwingine kama yule, heri usimlete," akasema. "Ana-pretend hajali, lakini nilimkuta jikoni analia. Hakulilia samaki. Alisema, mwanangu alihangaika bure."

Nikamwambia huyu hatakuwa kama yule.

"Na akila, halafu akasema hataki kukaa, uta-accept?"

Nikamwambia tuanze na samaki kwanza. Akasema sawa, kwa namna ile ya mtu ambaye hajaona sawa.

Safari hii niliianzia kwenye pipa. Nilipunguza chumvi kidogo kuliko tulivyozoea, ili uji usiwe baridi mno, na kufanya hivyo ni kuicheza mashine shere, kwa maana ukipunguza mno tu visu vinashikwa. Nilisimama karibu nayo nikisikiliza. Visu vikikwangua vizuri vina sauti ya mtu anayekuna nazi bila haraka. Vikianza kushikwa, sauti inapanda na kukatika. Kila ilipotaka kupanda nilitia maji ya chumvi kidogo ikatulia. Tajiri alikuja akasimama nyuma yangu akaniuliza nafanya nini na mashine yake. Nikamwambia ukweli, kwamba natengeneza uji wa Mama, kwamba hali chakula, na kwamba anataka kumwona samaki macho. Nilitazamia anikaripie. Akaondoka. Baadaye nikakuta changu mmoja amewekwa kando juu ya meza, ametajwa kuwa ni wangu, na wavulana wa kushusha samaki wakaniambia mzee aliingia mwenyewe kwenye mashua kumchagua. Nilipokwenda kumshukuru alijifanya hanisikii.

Kule Gulfton mwenzangu alishuka kunisindikiza kama kawaida. Alisimama pembeni ya gari, mikono ameishika nyuma kama mtu aliyeingia duka la vyombo. Nilipofunga kifuniko akaniombea dua ya safari, na dua yenyewe ilikuwa ndefu kuliko ilivyohitajika.

Nilikuwa nimepanga namna ya kumdanganya Mama. Ningemtoa samaki kwenye sanduku pale chini, nimsuuze kwa maji ya chupa, nimfunge kwenye gazeti, nipande naye juu kana kwamba hajapata kuiona barafu maishani. Nilikuwa na chupa, nilikuwa na gazeti. Lakini niliposimamisha gari nikamkuta Mama amekaa kwenye ngazi za nje, amejitanda leso, jua la mchana limepiga lami mpaka inanuka. Mke wangu alikuwa amemwambia saa yangu ya kufika.

"Nifungulie nione," akasema, hata salamu hazijaisha.

Nikafungua. Uji ulikuwa bado uji, umepungua ubavuni tu. Mama aliutazama muda, kisha akapandisha mkono wa nguo akautia mkono wake wote, akapapasa, akamtoa samaki kwa kumshika kichwa. Jicho lilikuwa jeusi, limejaa, linang'aa. Akafungua matamvua kwa dole gumba, mekundu. Akabonyeza ubavu, nyama ikarudi. Akamnusa. Mimi nilikuwa nimesimama palepale nilipokuwa nikisimama nilipokuwa mtoto, nyuma yake kidogo, upande wa kapu lake la sokoni, nikiwa na haya ile ile.

Alimrudisha samaki taratibu, akausogeza uji kwa vidole, akakigusisha kidole kimoja ulimini.

"Chumvi," akasema. "Hii ni barafu ama si barafu?"

Nikamweleza. Nilimweleza palepale juani, kwa Kiswahili, na nikagundua kwamba sikuwa nimepata kumweleza mtu yeyote kazi hiyo kwa Kiswahili toka mwanzo mpaka mwisho. Nilimwambia habari ya pipa la kuta mbili, na gesi, na visu. Akauliza hivyo visu, haviukati huo ukuta? Nikamwambia huupitia karibu sana bila kuukata, na hiyo ndiyo kazi ya fundi. Akauliza kwa nini maji ya chumvi. Nikamwambia maji matamu hayana subira. Akacheka. Akauliza najuaje kama imeiva, na pipa limefungwa. Nikamwambia kwa sauti.

"Mwiko nao husema," akasema. "Uji ukianza kuwa mzito, mwiko husema."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa hivyo wapika uji."

"Napika uji, Mama."

Akatikisa kichwa, akapanda ngazi, akaniachia sanduku nilibebe.

Jikoni alimwondoa mke wangu kwa heshima, akataka kisu na gazeti. Magamba yaliruka mpaka kwenye kioo cha dirisha. Tui la kopo alilinusa akalisema vibaya, halafu akalitumia lote. Samaki alimchanja, akampaka ndimu, kitunguu thaumu na pilipili, akamweka chini ya moto wa jiko, akawa anamtoa na kumpaka tui na kumrudisha, mpaka king'ora cha moshi kikaanza kulia na mke wangu akapanda juu ya kiti kukipepea kwa leso. Binti yetu alisimama mlangoni ameziba masikio, anacheka. Nyumba ilinuka samaki kwa mara ya kwanza tangu tuihamie, na nikawafikiria majirani, kisha nikaacha kuwafikiria.

Mama alikula. Hakula kwa kuonja wala kwa kutufurahisha. Alivua miwani, akakunja leso magotini, akala kwa mkono, wali na samaki, akatafuna mifupa ya kichwa akaipanga pembeni ya sahani. Mtoto alipochagua mnofu wa mgongo akamwonyesha mahali penye utamu zaidi. Mke wangu alinitupia jicho juu ya vichwa vyao na mimi nikamrudishia. Nilijiona nimeshinda. Nilikuwa nimekwisha kuanza kupanga chumba kipi kitakuwa chake, na wakili gani wa karatasi niliyesikia anasifiwa msikitini.

Alipomaliza alinawa, akarudi akaketi, akanitazama.

"Baba yako kabla hajafa kila siku akiniuliza," akasema, "huyu mtoto huko afanya kazi gani? Nami sikuwa na la kumjibu. Wewe kwenye simu wasema baridi, baridi. Nikilala, nikikuona umefungiwa ndani ya friji wagonga mlango." Akainua mkono kunizuia nisiseme. "Ndiyo nikaja. Nalikuja kuona. Sasa nimeitia mkono hiyo kazi nimeiona. Ni kazi ya watu. Una mke, chakula kizuri wapata. Ile ndege yangu, babangu, usiibadilishe. Nataka kurudi kwangu."

Nilimwambia ndiyo kwanza ameanza kula.

"Nalikuwa siwezi kula sijajua," akasema. "Sasa najua."

Mke wangu alikuwa ameinamisha kichwa, anakusanya sahani ambazo hazikuhitaji kukusanywa. Niliwaza maneno mengi. Niliwaza kumwambia kwamba nyumba ile ina ngazi mbaya, kwamba mpangaji si mwaminifu, kwamba dada yangu yuko mbali, na kwamba naweza kumletea samaki kama huyu kila wiki. Yote yalikuwa kweli, na yote nilikuwa nimekwisha kuyasema kwenye simu. Ikawa wazi kwangu kwamba kama ningemletea samaki mbovu mara ya pili, angekaa. Angekaa kunichunga.

Nikamwambia sawa, Mama. Nilitaka kulia, nikaona haya mbele ya mke wangu na mtoto, kwa hivyo nilisogeza sahani yangu nikamwomba aniongezee wali. Akaniongezea, akanichambulia mnofu uliobaki shavuni mwa samaki akauweka juu, akaketi kunitazama nikila mpaka nikamaliza.